Gauni Lisilopumua

Askari wa mapokezi alikuwa amekataa kuandika taarifa ya kupotea kwa mtu ambaye mji mzima ulikuwa ukimwona kila jioni.

"Dada yangu, nenda kasimame kwenye ile barabara ya mteremko jua linapozama," alimwambia fundi cherehani aliyekuwa mbele yake, huku akiuma mdomo ili asicheke. "Mdogo wako yuko pale dirishani na gauni lake jeupe. Juzi nimempeleka mke wangu kumtazama, akakosa usingizi. Mtu anapoteaje naye anaonekana?"

"Nimekwenda na nimetazama," Fundi akajibu. "Gauni lile nimelishona kwa mikono hii. Siku hizi halipumui."

Neno hilo ndilo lililomsimamisha Inspekta, aliyekuwa akipita nyuma ya kaunta na kikombe cha chai. Alikuwa mwanamke aliyekaribia kustaafu, mfupi, mkavu wa maneno, mwenye mazoea ya kumsikiliza mtu huku akimtazama mikono badala ya uso. Mikono ya Fundi ilikuwa ikikunja na kukunjua pindo la mtandio wake bila kupumzika.

"Halipumui vipi?" akauliza.

"Mtu akisimama, Mama, hata ajikaze namna gani, kitambaa cha kifuani hupanda na kushuka. Nilichagua kitambaa chepesi makusudi ili kicheze. Sasa hakichezi. Nimesimama pale mpaka giza likaingia, hakikucheza hata kidogo."

Inspekta akaweka kikombe chini. "Fungua jalada," akamwambia askari, ambaye hamu ya kucheka ilimwishia hapo hapo.

Habari ya dirisha lile hakuna asiyeijua. Majumba ya kifahari yalikuwa yamejaa mjini na wanunuzi wameadimika. Marumaru na bwawa la kuogelea havikumshtua tajiri yeyote tena. Dalali mmoja, aliyejiita mshauri wa makazi na kununa kila alipoitwa kwa jina la kazi yake, akaona afadhali auze hofu. Alibandika mabango njia panda zote: picha ya mwanamke aliyevaa gauni jeupe, amesimama ghorofani kwa kuupa mji mgongo, na chini yake maneno manne tu: MWENYEWE ALIFARIKI. BADO HAJAHAMA. Nyumba yenyewe ilikuwa mpya. Hakuna aliyewahi kulala humo, sembuse kufia. Lakini watu walianza kumiminika, na matajiri wakaanza kushindana nani atakuwa na moyo wa kuishi na mzuka. Mwanamke wa kwenye picha alikuwa mwigizaji asiyekuwa na kazi, mdogo wake Fundi. Kila jioni alitokea kwenye roshani, akatembea taratibu, akaegemea ukingo wa kioo, kisha akarudi ndani. Mtaani wakampa jina la Kivuli, na likamganda.

Chumba cha kupanga alichoishi Kivuli kilikuwa uani, katika nyumba yenye wapangaji wengi. Fundi alikuwa na ufunguo wa akiba. Alifungua, akasimama kizingitini kana kwamba amekosea mlango.

Kitanda kilitandikwa kikanyooka kama ubao. Taulo zilikuwa zimeviringishwa na kupangwa kwenye kiti. Pazia lilifungwa pande zote mbili kwa urefu ule ule, viatu vimepangwa vikielekea mlangoni, na taa ndogo ya mezani iliwashwa mchana kweupe. Harufu tamu ya vanila ilijaa chumbani. Sanduku la safari halikuwepo.

"Amesafiri huyu, afande," alisema Koplo, kijana mrefu aliyefuatana na Inspekta. "Jirani anasema alikuja bwana mmoja wa tai na gari zuri, akasema binti amekwenda kwa mchumba wake, yule dereva wa lori. Kapanga vitu vyake vizuri, kaondoka."

"Kapanga nani?" Fundi akamgeukia. "Mdogo wangu hajapata kutandika kitanda tangu mama yetu amzae. Mama alikuwa akisema huyu ataolewa na kimbunga."

Koplo akacheka, akajikohoza. Inspekta hakucheka. "Mchumba umempata?"

"Nimempata kwa simu, afande. Yuko bandari kavu anapakia mzigo, wenzake wote wanamshuhudia. Naye anadhani binti amemsusa. Ameniuliza mimi kosa lake ni nini."

"Basi mchumba tumtoe."

Inspekta akauzunguka ukuta polepole. Palikuwa na misumari mitupu, na chini ya kila msumari rangi ya ukuta ilikuwa safi kwa umbo la mraba. Aliwaita wote wawili, akawaonyesha.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Picha," alisema Fundi. "Ya mama, ya marehemu baba, yangu mimi siku ya harusi. Na hapo kwenye kioo cha kujitazamia alibandika picha za maigizo yake, nyingi mpaka kioo chenyewe hakionekani."

"Anayesafiri huchukua picha moja aipendayo. Anayehama huchukua zote, lakini haachi viatu. Mwizi haibi picha ya marehemu baba wa mtu." Inspekta alikuwa akisema kwa sauti ya chini, kama anayehesabu mishono. "Aliyetoa picha hizi hakuwa na haja nazo. Alizitoa kwa sababu hajui kupanga chumba bila kuzitoa. Koplo, umewahi kwenda kutazama nyumba inayouzwa?"

"Kwa mshahara huu, afande?"

"Mimi nimewahi kumsindikiza binti yangu. Taa zote zinawaka mchana. Taulo zimeviringishwa, jikoni kunanukia keki ambayo haipo, na huoni uso wa mtu popote. Anayeingia ajione ni yeye mwenye nyumba." Akainama, akanusa kisahani kilichowekwa nyuma ya pazia. "Chumba hiki kimeandaliwa kwa ajili ya wateja."

Fundi akakaa kitako juu ya kile kitanda kilichonyooka, shuka likajikunja. "Wametaka kumfuta mdogo wangu," akasema.

"Wametaka tudhani kajifuta mwenyewe. Si kitu kimoja. Kaza moyo."

Mchana huo Inspekta alimkuta daktari wa meno kliniki, amemwinamia mgonjwa. Daktari huyo alikuwa mmoja wa wageni walioalikwa kwenye onyesho maalumu la Dalali wiki iliyopita, naye ndiye aliyekuwa atie saini ya kuinunua nyumba ile jioni hiyo hiyo.

"Panua," Daktari akamwambia mgonjwa. "Inspekta, kaa. Nyumba? Mke wangu kaipenda kufa. Shemeji zetu wana bwawa, sisi tutakuwa na mzuka. Panua zaidi, mzee."

"Nieleze onyesho lilivyokuwa."

"Ah, lilikuwa zuri! Tulisimama bustanini, taa zimefifishwa. Akatokea roshani kama kawaida yake. Akatembea, akaegemea ukingo. Halafu safari hii wakatia jipya." Uso wa Daktari ulichanua kwa kumbukumbu. "Ukingo ukafunguka kama mlango, naye akashuka nao."

Inspekta hakuinua kichwa kutoka kwenye mikono ile yenye glavu. "Akashuka."

"Akaruka, tuseme. Gauni lote likapepea. Hakupiga hata yowe. Tukapiga makofi! Mke wangu alitokwa na machozi. Mshauri akazima taa mara moja, akatuingiza ndani kwa vinywaji, akasema: mzuka hauumii, mabibi na mabwana, ndiyo faida yake. Tukacheka sana."

"Aliangukia wapi?"

"Nyuma ya maua. Upande wenye sakafu ya mawe."

"Na baada ya hapo alitoka kuwasalimu? Waigizaji hutoka."

Mkono wa Daktari ulisita. "Hapana. Sasa unavyosema... hapana."

"Ulisikia kishindo, Daktari?"

Mgonjwa, kinywa wazi, alikuwa akizungusha macho kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Daktari akatoa kifaa chake kinywani mwa mzee yule, akakiweka kwenye trei kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba ni kitu kinachoweza kuvunjika.

"Nilisikia," akasema. "Nimesomea mifupa kabla ya kusomea meno. Nilisikia nikaijua sauti ile. Nikajiambia wameiga vizuri." Akavua glavu. "Inspekta, mimi ndiye niliyeanza kupiga makofi. Wengine walinifuata."

Inspekta akanyanyuka. "Usiende kwenye nyumba ile leo. Nenda kituoni, uyaandikishe hayo yote uliyonieleza. Na mzee wa watu, mruhusu afunge mdomo."

Jua lilikuwa limeegemea paa walipoegesha gari kwenye barabara ya mteremko. Watu walikwisha kujipanga kando ya ua, wakinong'ona, wengine na watoto mabegani. Fundi aliambiwa abaki garini. Aliitikia kwa kichwa, kwa namna ambayo mtu mwenye watoto asingeiamini.

Juu, nyuma ya kioo cha dirisha kubwa, gauni jeupe lilikuwa limesimama.

Koplo akalikodolea macho. "Afande, najua si mtu. Lakini miguu yangu haijui."

"Iambie ipande ngazi."

Aliyewafungulia alikuwa msichana mwembamba mwenye aproni iliyojaa pini. Yeye ndiye aliyekuwa mpambaji wa nyumba za Dalali: aliyetandika vitanda visivyolaliwa na kujaza vitabu kwenye rafu za watu wasiokuwepo.

"Shikamoo, afande. Mshauri bado hajafika."

"Marahaba, binti. Hatuna haraka naye. Tutembeze, kama unavyowatembeza wateja."

Nyumba ilikuwa nzuri kwa namna inayotia baridi. Kila taa iliwaka. Kwenye meza ya chakula sahani zilipangwa kwa ajili ya familia ambayo haikuzaliwa. Kwenye sofa kulikuwa na blanketi lililotupwa kwa uzembe uliopimwa. Inspekta alifungua bomba la jikoni, likakoroma bila kutoa maji. Koplo alijaribu kuvuta kitabu rafuni, akakuta ni gamba tupu. Alikirudisha upesi, kama aliyemfunua maiti.

Ghorofani waliikuta sanamu ya kuvalishia nguo, imepewa nywele za bandia na kuelekezwa dirishani. Kutoka nyuma ilifanana na mtu aliyesahau jambo. Roshani ilikuwa imefungwa kwa mnyororo. Inspekta alipenyeza macho: ukingo mpya wa kioo, bolti zinang'aa, na kandokando yake vipande vingine vya zamani vilivyosimamishwa kwa gundi peke yake.

"Nyumba nzima imetengenezwa kwa ajili ya macho," alisema. "Hakuna aliyetegemea mtu aje kuiegemea. Binti, kazi yako naisifu. Umejifunza wapi?"

"Kwa kutenda tu, Mama."

"Picha za watu huweki?"

"Hata moja." Hapa msichana alichangamka, maana alikuwa akiongelea ufundi wake. "Mnunuzi akiona uso ukutani hujiona mgeni. Nikiingia chumba chochote kitu cha kwanza natoa picha. Mkono unakwenda wenyewe."

"Hata chumba cha uani, cha kupanga?"

Pini moja ikaanguka sakafuni. Katika ukimya wa nyumba ile ilisikika vizuri.

"Niliambiwa amesafiri," Mpambaji akasema. "Niliambiwa nikamsafishie, kwa wema tu. Sijui zaidi."

Inspekta alisukuma mlango wa pili, akaingia katika chumba cha watoto wasiokuwepo. Kulikuwa na farasi wa mbao, zulia laini na vitanda viwili vya kupendeza.

"Leo mnatarajia mnunuzi," alisema. "Umeviringisha taulo, umewasha taa, umechoma vanila mpaka kichwa kinaniuma. Binti, mito ya vitanda hivi iko wapi?"

Msichana akashika shuka lililonyooka, akalinyoosha tena.

"Mpambaji hawezi kusahau mito. Ni afadhali asahau kitanda. Nyumba hii hakuna anayelala, na mito imekwenda mahali. Imekwenda chini ya kichwa cha kweli." Akamkaribia, akasema polepole kama anayezungumza na mjukuu aliyeshikwa na homa. "Yu hai?"

Mpambaji alikaa chini pale pale, juu ya lile zulia, akajifunika uso kwa aproni. "Asubuhi alikuwa hai," akasema ndani ya kitambaa. "Alikuwa anaongea. Lakini haongei na mimi."

Mlango wa chini ukafunguliwa, na sauti ya furaha ikapanda ngazi kabla ya mwenyewe. "Nani kanitangulia kwenye nyumba yangu? Nimeona gari!" Dalali akatokea, suti ya rangi ya maziwa, meno yote nje. "Oo, Inspekta mheshimiwa! Ungenipigia simu tungekuwashia mishumaa. Karibu, karibu. Ila nina mteja anakuja kutia saini, utaniwia radhi."

"Daktari haji. Yuko kituoni anaeleza alivyopiga makofi."

Meno yalibaki nje kidogo baada ya tabasamu kuondoka. "Ile ilikuwa ajali."

"Ajali ilikuwa kuanguka. Yaliyofuata yana jina jingine."

"Nilikuwa nimpeleke hospitali! Leo hii, baada ya saini. Kila siku nilisema kesho." Dalali alimtazama Koplo, kisha Mpambaji pale chini, akitafuta uso wa kumhurumia. "Unajua siku ya pili baada ya ajali walikuja watu kiasi gani? Foleni ilifika barabara kuu. Mwaka mzima naomba watu waje waone nyumba hii, Inspekta. Mwaka mzima! Ningewaambia nini? Warudi nyumbani?"

"Una hati ya upekuzi?" Dalali akaongeza, akimgeukia Inspekta.

"Mtu anakufa. Sipekui, naokoa. Koplo, mfunge pingu kwenye nguzo ya ile ngazi yake ya marumaru, kisha ita gari la wagonjwa. Binti, simama. Nionyeshe."

Walipitia jikoni, wakavuka ua mdogo, wakaizunguka gereji. Huko nyuma hapakuwa na taa wala ua la mapambo. Ukuta haukupakwa rangi, maana hakuna mteja aliyewahi kuletwa upande ule. Palikuwa na kijumba cha mtumishi chenye mlango wa bati. Inspekta alisikia nyayo nyuma yake, wala hakuhitaji kugeuka.

"Nilisema ubaki garini."

"Nilikusikia, Mama," alisema Fundi.

Harufu iliwapokea kwanza: dawa ya vidonda, jasho, na ile vanila isiyokubali kushindwa. Chumba hakikuwa na dirisha. Kivuli alikuwa amelala juu ya godoro sakafuni, ameegemezwa kwenye mito ya watoto yenye michoro ya nyota. Mguu ulifungwa kwa vipande vya mbao na kitambaa cha pazia, umevimba na kubadilika rangi. Midomo ilikuwa imepasuka. Macho yaling'aa kupita kiasi, yakawatazama wote bila kumtambua hata mmoja.

"Nilimpa dawa za maumivu," Mpambaji alikuwa akinong'ona mlangoni. "Nilimlisha supu kwa kijiko. Bwana alisema nikimwambia mtu nitafungwa mimi, maana ukingo nilisimamisha mimi. Mama, mimi niliambiwa ni wa kutazamwa tu!"

Inspekta alipiga goti, akashika mkono wa mgonjwa kutafuta mapigo. Yalikuwa mepesi na ya haraka, kama ya ndege. Alihisi ule mkono ukijitoa kwake kwa adabu, ukanyooka, ukaonyesha ukuta mtupu.

"Karibuni," Kivuli akasema. Sauti ilikuwa kavu, lakini ilikuwa sauti ya jukwaani, iliyopangwa vizuri. "Msisimame mlangoni. Chumba hiki kinapata jua la asubuhi. Sikilizeni kulivyo na utulivu. Watoto watalala vizuri humu."

Koplo, aliyekuwa amefika mbio kusema kwamba gari la wagonjwa liko njiani, alirudi nyuma hatua moja.

"Anafanya hivi tangu juzi," Mpambaji akasema. "Kila ninapoingia ananitembeza nyumba. Hataki kufumba macho. Anasema wateja bado wapo."

Inspekta alikuwa amewahi kuwahoji watu waliokuwa wakikata roho, naye alijua kwamba mwenye homa ya namna ile habishiwi. Akasogea pembeni, akamwachia Fundi nafasi.

Fundi alikaa chini. Mikono yake, ambayo tangu asubuhi haikupata kutulia, ikatulia. Akaufuata mkono wa mdogo wake kwa macho, akautazama ule ukuta wa saruji kama mtu anayetazama bustani.

"Kweli," akasema. "Jua lote linaingia. Chumba kizuri mno."

"Na ngazi mmeiona?"

"Tumeiona. Tumeona kila kitu, bibie. Hatuna la kuuliza."

Kivuli akapumua kwa shida, kifua kikapanda, kikashuka. "Mtaichukua?"

"Tumekwisha kuichukua. Tumekubaliana hapo nje, sote."

Kwa mara ya kwanza macho yale yakaacha kuwazunguka watu. Yakauangalia uso wa Fundi kwa muda mrefu, kwa wasiwasi, kama ya mtoto anayeomba ruhusa ambayo alikwisha kunyimwa mara nyingi.

"Basi naweza kushuka?"

Mbali, kwenye barabara ya mteremko, king'ora kilianza kusikika, na umati uliokuwa nje ya ua ukashangilia, ukidhani onyesho limeanza.

"Shuka, mdogo wangu," Fundi akasema, akaupitisha mkono chini ya shingo yake. "Shuka taratibu. Nimekushika."